Kifua, moyo na herufi B

Kiswahili kina neno moja kwa mtu anayekohoa na kuishiwa pumzi: ana kifua. Halisemi mapafu, halisemi moyo. Linataja kasha zima la mbavu, na kilichomo ndani kitajijua chenyewe. Sema Mwanjelwa, au pale sokoni Iringa mjini, kwamba mama fulani ana kifua, na kila mtu atakuelewa. Wengine wataongeza chinichini: kile kikubwa? Maana kifua kikuu ndicho kilichotufundisha neno hilo, na ndicho kinachoingia akilini kwanza, iwe kwa jirani, kwa mganga, hata kwa daktari.

Kuna kipimo cha damu kinachodai kufungua kasha hilo bila kisu. Kinaitwa BNP, na nduguye ni NT-proBNP. Tone la damu, namba moja, na daktari anaambiwa kama pumzi fupi ya mgonjwa inatokana na moyo au la. Nchi za wenzetu kimekuwa kitu cha kila siku kwa zaidi ya miaka 20. Kwetu bado utakikuta kwenye maabara kubwa chache, na mara nyingi mgonjwa anatoa hela mfukoni. Historia yake inafaa kusomwa kutokea huku Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu kipimo hubeba swali la mahali kilikozaliwa, na swali la Mbeya si lile lile.

Tuanze na moyo wenyewe. Madaktari husema moyo umeshindwa kufanya kazi; mtaani utasikia moyo umetanuka, au umejaa maji. Haujasimama, ungesimama tusingekuwa na mgonjwa wa kuongea naye. Unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha, au unasukuma kwa shida huku presha ikipanda ndani yake. Figo zikiona damu inayozifikia imepungua, zinadhani mwili umekauka. Zinashika chumvi, na chumvi inashika maji. Maji yanashuka miguuni na kujaa mapafuni. Mgonjwa anaanza kulalia mito miwili, kisha mitatu, kisha anaamka saa nane usiku kwenda dirishani kutafuta hewa. Kwa baridi ya Makete, mtu anayefungua dirisha saa nane usiku ana shida ya kweli.

Kwa muda mrefu dalili hizo zilisomwa kwa macho, vidole na masikio. Bonyeza mguu kwa dole gumba uone kama shimo linabaki. Tazama mshipa wa shingo. Mwaka 1816 huko Paris, René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa, na hapo ndipo ilipozaliwa ile mipira ambayo leo kila daktari anaitundika shingoni. Laennec alikuwa mtu wa mapafu zaidi, na mwaka 1826 kifua kikuu kikamuua yeye mwenyewe. Baadaye ikaja eksirei, kisha eko. Hakuna aliyefikiria kwamba moyo wenyewe unaandika barua na kuitia kwenye damu.

Dokezo la kwanza lilitoka kwa mnyama tunayemfahamu vizuri sana huku. Mwaka 1956 Bruno Kisch aliweka vipande vya moyo wa simbilisi chini ya hadubini ya elektroni, na kwenye vyumba vya juu vya moyo akaona vipunje vyeusi ambavyo vyumba vya chini havikuwa navyo. Ndiyo, simbilisi, huyu anayekimbia chini ya uvungu wa jiko Njombe na Iringa akisubiri siku yake. Vipunje vile vilifanana na vile vya tezi, ogani zinazotengeneza homoni. Lakini moyo ni pampu, bwana, pampu inatengeneza homoni ya nini? Swali likakaa miaka 25.

Aliyelijibu ni Adolfo de Bold, Mwargentina aliyekuwa akifanya kazi Kingston, Ontario, Kanada. Jaribio lake, lililochapishwa mwaka 1981, unaweza kumweleza mtoto wa darasa la saba. Alisaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya, akachuja, akawadunga panya wengine. Muda mfupi tu baadaye panya wale walianza kukojoa kupita kiasi: mkojo uliongezeka mara 10, na chumvi iliyotoka nao iliongezeka zaidi ya mara 30. Kumbe moyo unapotanuliwa na damu nyingi unatuma ujumbe kwa figo kwamba maji yamezidi, punguzeni. Figo zinavuta huku, moyo unavuta kule. Mtu ambaye moyo wake umeelemewa ni yule ambaye figo zimeshinda mvutano huo.

Halafu likaja jina la ajabu. Mwaka 1988 Wajapani wanne, Sudoh, Kangawa, Minamino na Matsuo, walitangaza homoni ya pili ya aina hiyo hiyo. Waliipata kwenye ubongo wa nguruwe, basi wakaiita kwa jina la ubongo, na ile B ya mwanzo kwenye BNP inatoka huko. Hawakukosea, kwenye ubongo wa nguruwe ipo kweli. Ila miaka michache baadaye watafiti wa Kyoto walionyesha kwamba kwa binadamu inatoka hasa kwenye vyumba vya chini vya moyo, vile vinavyofanya kazi ngumu, na kwamba moyo ukielemewa inamwagika kwa wingi. Herufi ikawa imeshazoeleka. Siku hizi wanasema B ni jina la aina tu, kama vile A na C. Ni njia ya heshima ya kukwepa kubadilisha karatasi.

Hiyo NT-proBNP inayoonekana kwenye fomu nyingi ni mabaki. Seli ya moyo hutengeneza mnyororo wa vipande 108 vya asidi amino, kisha mnyororo unakatwa. Vipande 32 ndiyo BNP yenyewe, inayofanya kazi na kupungua kwa nusu ndani ya dakika 20 hivi. Vipande 76 vilivyobaki havina kazi inayojulikana, ila vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Kwa maabara mabaki yana faida kuliko homoni yenyewe, jambo nitakalolirudia.

Mwezi Novemba 2000 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha BNP cha kutumika kitandani kwa mgonjwa, majibu kwa dakika 15. Mwaka 2002 ukatoka utafiti ulioongozwa na Alan Maisel wa San Diego, uliokipa kipimo hiki umaarufu. Waliutungia jina la mzaha ambalo herufi zake za mwanzo ni BNP na maana yake ni kwamba mtu hapumui sawasawa. Watu 1,586 walifika vyumba vya dharura wakihema, wengi wao Marekani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 64. Karibu nusu walikuwa na moyo ulioshindwa. Wakiweka mpaka kwenye pikogramu 100 kwa mililita, kipimo kiliwanasa 90 kati ya kila wagonjwa 100 wa moyo. Sifa yake kubwa ikawa kusema hapana: namba ikiwa ndogo, daktari anaweza kuuacha moyo na kutafuta kwingine.

Kwingine wapi? Hapo ndipo swali lilipojificha. Kwenye vyumba vile vya dharura, kwingine kulikuwa pumu, mapafu yaliyoharibiwa na sigara, nimonia. Daktari wa San Diego alikuwa anachagua kati ya hayo.

Sasa turudi huku. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi Rungwe miaka ya 1930, na kitabu cha Monica juu ya vijiji vya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951. Ndani yake anaeleza imani ya pumzi ya watu: mtu akivunja adabu ya kijiji, majirani wakamnung'unikia, manung'uniko yao yanamshukia kama baridi naye anaugua. Sisemi Wanyakyusa wa wakati ule walikuwa wanauelezea moyo ulioshindwa. Ninachokiona ni kwamba pale Rungwe ugonjwa ungeweza kuwa na asili nje ya mwili, kwenye midomo ya jirani, na swali la kwanza likawa nani amekasirika. Hadi leo, mtu akianza kuvimba miguu bila kidonda, swali hilo bado linaulizwa kabla ya nauli ya kwenda hospitali kutafutwa.

Hospitali nayo ilikuja na swali lake. Wanaume wa Rungwe walipelekwa na Wenela kwenye migodi ya Afrika Kusini, na vifua vya wachimbaji vilirudi na vumbi na kifua kikuu. Wenela ikafungiwa mlango nchini baada ya uhuru, lakini kifua kikuu kilibaki. Kisha ukaja UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta karibu watu wazima 16 kati ya kila 100 mkoani Iringa wakiishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Njombe ilipotengwa na Iringa mwaka 2012, ikaongoza yenyewe kwa asilimia 14.8, Iringa ikabaki na 9.1 na Mbeya 9.0.

Kwa hiyo maabara za huku zilijengwa juu ya maswali hayo mawili. Mwaka 1996 Mbeya ilianza programu ya utafiti wa tiba kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich. Leo ni kituo cha NIMR. Vifaa viliingia, mafriji ya baridi kali yakaingia, vijana wa maabara wakasomeshwa, chanjo za majaribio za UKIMWI zikadungwa hapo. Mtu wa Mbeya anaweza kuhesabiwa virusi vyake kwenye tone la damu kwa ustadi wa kiwango cha Ulaya. Moyo wake unabaki kusikilizwa kwa mipira, kama mwaka 1816. Simlaumu mtu. Fedha hufuata swali lililoulizwa kwa sauti kubwa.

Mbeya pia imeshatufundisha kipimo kizuri kinavyoweza kuingia bila kubadilisha kitu. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu kwenye makohozi kwa muda wa saa mbili hivi, ilijaribiwa kwenye kliniki za miji mitano ya Afrika: Cape Town, Durban, Harare, Lusaka na Mbeya. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Mashine ilifanya kazi vizuri mikononi mwa manesi, wengi wakaanzishiwa dawa siku ile ile. Lakini baada ya miezi kadhaa hali ya wagonjwa waliopimwa kwa mashine ilikuwa sawa na ya wale waliopimwa kwa hadubini ya kawaida. Sababu? Wahudumu walikuwa tayari wanawapa dawa za kifua kikuu watu wengi kwa kuangalia dalili tu, makohozi yaseme ndiyo au hapana.

Utafiti ule ulihusu kifua kikuu, na ulikijibu. Mimi namfikiria mtu mwingine: aliyepewa dawa za TB kwa dalili tu, akazimeza miezi sita, na miguu ikazidi kuvimba. Wote tunamjua mmoja wa namna hiyo, kwenye ukoo au mtaa. Anaitwa amesugua dawa, au wamemrudia tena, kumbe hakuna aliyeuliza habari za moyo.

Kwamba moyo hufichika ndani ya neno kifua, Moshi wameonyesha kwa namba. Katika hospitali ya KCMC watafiti waliwafuatilia watu wazima 681 waliofika dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliwapima kwa ECG na kwa troponini, kipimo kingine cha damu, kinachoonyesha msuli wa moyo uliojeruhiwa. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao madaktari waliokuwa zamu hawakuwa wamelitambua. Moshi si Mbeya, na troponini si BNP, lakini kilichotokea ni kile kile: mtu amekuja na kifua, na moyo haukuulizwa.

Basi tukilete kipimo cha BNP Mbeya na Iringa, tumalize? Polepole.

Wagonjwa wetu si wale wa San Diego. Mwaka 2014 Abel Makubi na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa waliotibiwa Muhimbili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Presha ya kupanda ndiyo iliyoongoza, asilimia 45. Ikafuata misuli ya moyo iliyodhoofika yenyewe, 28, kisha vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, 12. Mishipa ya moyo iliyoziba, ugonjwa wa wazee wa Ulaya, ilikuwa karibu na mwisho.

Hapa inabidi kukumbuka panya wa de Bold. Namba ya BNP haipimi ugonjwa wa moyo, inapima kuta za moyo zilizovutwa. Presha ikivuta kuta, namba inapanda, vizuri. Lakini kifua kikuu kikiingia kwenye mfuko unaozunguka moyo, mfuko unakuwa mgumu na kuubana kutoka nje. Mgonjwa anavimba tumbo na miguu, mshipa wa shingo unajaa, ni moyo ulioshindwa kwa kila dalili. Ila kuta hazina nafasi ya kutanuka. Namba inaweza kutoka ndogo, au ya katikati tu. Vivyo hivyo kwa msichana mwenye vali iliyobanwa na baridi yabisi: damu imekwama juu ya vali, chumba kikubwa cha chini hakijavutwa, na namba inaweza kuwa ndogo kuliko unavyotegemea kwa mtu anayehema namna ile. Kule kipimo kilikozaliwa, magonjwa haya mawili ni nadra. Huku ndiyo yetu. Yaani kile kinachosifiwa zaidi kwenye kipimo hiki, ile hapana yake, ndicho kinachotakiwa kuangaliwa kwa jicho kali zaidi Mbeya.

Ndiyo yake nayo ina mitego. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, miaka 30 ya kupuliza moto, huharibu mapafu mpaka upande wa kulia wa moyo unaelemewa. Namba inapanda, na chanzo kiko mapafuni. Figo zikichoka, mabaki hayatolewi, namba inapanda. Uzee unaipandisha. Unene, kinyume chake, unaishusha. Ndiyo maana mipaka ya NT-proBNP kwa dharura imekatwa kwa umri: chini ya 300 moyo hauelekei kuhusika, juu ya 450 kwa aliye chini ya miaka 50, juu ya 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, juu ya 1,800 kwa aliyezidi hapo, moyo unahusika kwa uwezekano mkubwa. Kwa mtu anayetembea mwenyewe kuja kliniki, mpaka wa kuanza kushuku ni 125. Nimeona karatasi za majibu zenye mpaka mmoja tu uliochapwa pembeni na nyota nyekundu. Bibi wa miaka 80 akipata 600 anaambiwa moyo umekwisha, na familia inaanza kupigiana simu.

Tatizo lingine ni hilo neno lenyewe, kushindwa. Mwambie Mhehe kwamba moyo wake umeshindwa, halafu umpe vidonge vya kutoa maji na vya presha vya kumeza maisha yote. Ameshasikia hukumu, vidonge vya nini tena? Na ukimwambia moyo umekuwa mkubwa, atakuuliza kama amekosea kuwa jasiri. Naona moyo umeelemewa ni bora zaidi. Mzigo unaweza kupunguzwa: chumvi kidogo, presha ishuke, ulanzi upungue, dawa zisikatizwe hata miguu ikishapungua. Wapo wanaoishi miaka mingi hivyo.

Nilisema mabaki yana faida. BNP yenyewe huharibika ndani ya saa chache baada ya damu kutoka mwilini, na haipendi chupa za kioo. NT-proBNP inavumilia siku mbili tatu hata nje ya friji. Kwa hospitali kama Bulongwa kule Makete, au Ilembula, au Tosamaganga, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ubishi wowote wa wataalamu. Chupa inaweza kupanda gari la asubuhi, ikapimwa Mbeya au Iringa mjini kesho yake, na majibu yakarudi kwa simu. Eko itabaki kuwa ya lazima kwa wale ambao namba yao haikubaliani na miguu yao, na kwa eko inabidi mtu asafiri mwenyewe. Ila fomu inayosindikiza chupa ile inaweza kupunguza safari nyingi za bure ikijazwa vitu vinavyoachwa wazi mara nyingi: umri, uzito, hali ya figo, jiko la nyumbani ni la namna gani, na kama mgonjwa amewahi kumeza dawa za TB.